Vipimo vya Nelima

Masika, leo nimempima mama yake.
Kifua arobaini na mbili. Kiuno sikukipata vizuri,
futi iliniteleza mara mbili,
naye akadhani ni uzee wa macho yangu.
Anataka gauni jeusi, mikono mirefu, kola isiyobana koo,
kwa kuwa mwili unatoka mochari ya Webuye Ijumaa
na Jumamosi wanazika, ng'ambo ya Nzoia.
Amewapita mafundi wanne kuja kwangu.
"Wewe umezika," akasema. "Wewe hutaniuliza maswali."

Sikumwuliza.

Dereva wa trekta la miwa alisimama kwa sababu ya kiatu,
kiatu kimoja, cha buluu, nilichomnunulia Naliaka sokoni Chwele.
Watatu wakakamatwa. Watatu wakacheka kizimbani.
Mwezi wa nane faili ikapotea kati ya chumba na chumba,
karani akanitazama kama mtu anayedai chenji.
Wakaachiliwa. Wakapita mbele ya kibanda changu,
na mmoja wao akaniamkia.
Usiku ule ulikula ugali bila mboga, bila neno.

Khisa alipopatikana mtaroni, watu walisema chang'aa.
Mimi niliona magoti ya suruali yako.
Nikafanya nini? Sema wewe, mimi naona haya.
Nilichinja jogoo.
Nikakuwekea firigisi, iliyokuwa ya baba yako.

Alipofuata Sitati niliroweka shati kabla hujaamka:
chumvi, sabuni ya mche, maji baridi,
maji ya moto huigandisha damu,
hilo hatufundishwi, wanawake tunalijua.
Askari alipokuja nikasema ulikuwa na homa,
nikamwonyesha na chupa ya dawa.
Uongo ulinitoka laini kama uzi uliopakwa nta.

Sikukutuma. Nataka hilo liandikwe mahali.
Ila kila jioni niliacha mlango bila komeo
na utambi wa taa nimeupunguza,
na mama anayeacha mlango hivyo
ametuma.

Sasa huyu wa tatu.
Makokha ana koti la kijani, ndiyo.
Makokha hukata njia relini saa nne usiku, ndiyo.
Lakini Makokha alihamia Malaba tangu Pasaka,
na koti alimwuzia Wafubwa kwa shilingi mia tatu,
Wafubwa wa kinu cha posho,
aliyekuwa akirudi na unga wa mama yake begani.
Nelima anasema unga ulimwagika relini,
kuku wa watu wakaula hadi adhuhuri.
Alisema hayo nimemzungushia futi kifuani.
Niliusikia moyo wake kwa vidole,
inchi arobaini na mbili za mtu
asiyejua mikono hii imefua nini.
"Aliyefanya hivi ana mama," akasema,
akiinua mkono nipime kwapa.
"Na mama hujua."

Nilitaka nisichukue pesa. Angeuliza kwa nini.
Nimechukua. Mia sita, ziko chini ya kopo la vifungo,
na tangu mchana sijafungua kopo hilo.

Leo mlango una komeo.
Ukifika, bisha. Nataka usikie kuwa umefungwa,
ubishe kama mtu anayeomba.
Nitafungua. Mimi ni mama yako, nitafungua.
Ugali upo, maji ya kuoga yapo.
Shati la Jumatatu lingali chini ya kitanda chako.
Sitalifua. Kesho utalivaa.

Alfajiri tutavuka reli wawili,
gauni nimelikunja ndani ya gazeti,
na mlangoni pake utasema wewe, au nitasema mimi.
Mikono nimeshaishona, kola haibani.
Pindo nimeliacha.
Pindo hupimwa mwenye gauni akiwa amesimama
na fundi amepiga magoti.